Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: matembezi ya siku moja, yaliyotulia, Dar es Salaam na kando yake

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kutoka nyumbani asubuhi, akae mahali anapoweza kusikia mawimbi au ndege badala ya spika, na arudi kabla giza halijaingia. Saa zote ni za Kiswahili. Bei za boti, bajaji na viingilio hubadilika, kwa hiyo tumetaja zile chache tu zisizoyumba.

Kila ufukwe tunaokwenda umejaa watu. Wapi kuna utulivu?

Mara nyingi anayeuliza hivi amekwenda Jumapili saa kumi jioni, tena mwisho wa mwezi mishahara ikiwa imetoka. Coco Beach hiyohiyo, Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ina wakimbiaji wachache na wauza mihogo ambao bado hawajawasha majiko. Kabla ya kubadilisha mahali, badilisha siku na saa.

Kwa fukwe na visiwa, siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi. Ukibanwa na kazi, chukua Jumamosi, ufike kabla ya saa tatu asubuhi na uondoke saa nane, kundi kubwa linapoanza kuingia. Katikati ya jiji ni kinyume chake: Jumapili asubuhi ndipo pametulia kuliko siku zote, maana maduka mengi yamefungwa na foleni hakuna. Siku za kukwepa kabisa baharini ni Idd mosi na Idd pili, Pasaka na Jumatatu yake, Krismasi na kesho yake, na Mwaka Mpya. Siku hizo hata Mbudya hupati kivuli cha kukaa.

Nitajuaje maji yatakuwa yamejaa au yamekupwa, kama sina jedwali?

Hili ndilo jambo linaloharibu matembezi mengi ya pwani, na wavuvi wanalijua bila simu. Angalia tarehe ya mwezi wa Kiislamu, ile inayoandikwa kwenye kalenda nyingi za ukutani.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Kwa Dar es Salaam, siku hizo maji hukauka karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi: leo yamekupwa saa nne, kesho saa tano kasoro dakika kumi.

Baada ya wiki moja, karibu na tarehe 8 na 22, ni maji mafu. Mambo yamegeuka: yanajaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi jioni, lakini tofauti ni kama mita 1 tu, kwa hiyo bahari haiendi mbali.

Maana yake kwa mipango yako ni hii. Ukitaka kuogelea mchana, nenda siku za bamvua na ufike saa saba, maji yakiwa yanapanda. Ukitaka kutembea mwambani na watoto waone kaa, konokono na nyota za bahari, siku hizohizo ufike saa tatu asubuhi. Ukitaka siku nzima ya kuingia na kutoka majini bila kuhesabu saa, chagua maji mafu. Anayekwenda Kigamboni siku ya bamvua saa nne asubuhi akitegemea kuogelea atakuta bahari imehama na kuacha matope, mwani na miamba.

Ni kweli maji yanaweza kumzungukia mtu mwambani?

Ni kweli. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Huchukua saa sita hivi kutoka kupwa hadi kujaa. Saa ya kwanza yanasogea taratibu, lakini ya tatu na ya nne hupanda kwa nguvu, na nusu ya kina chote huingia katika saa hizo mbili. Siku ya bamvua hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu, yaani kifua cha mtu mzima. Tena sehemu ya karibu na ufukwe mara nyingi ni bonde, na mwamba wa mbele ndio ulioinuka, kwa hiyo bonde hujaa kwanza nyuma yako wakati wewe bado umesimama pakavu.

Kanuni ni rahisi: tembea kwenda nje wakati maji yanatoka, na geuka yanapofika mwisho wa kupwa. Usisubiri kuyaona yakirudi. Vaa raba kuukuu au viatu vyenye soli ngumu, si ndala, kwa sababu miiba ya wale viumbe weusi wa mviringo hupenya ndala na kukatikia mguuni. Ikikuchoma usiichimbe kwa sindano. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, na ukiona uvimbe au iko karibu na kiungo, nenda zahanati.

Mbudya, Bongoyo au Sinda: kipi kinafaa?

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vimehifadhiwa tangu 1975, na leo viko chini ya taasisi ya serikali ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Visiwa vya Sinda, upande wa Kigamboni, viliingizwa kwenye maeneo tengefu baadaye, 2007.

Bongoyo huendewa kutoka Slipway, Msasani, mwendo wa nusu saa hivi. Ufukwe wake mkuu uko ncha ya kaskazini magharibi, na kuogelea pale hakutegemei sana maji kujaa. Kina vijia vya kutembea ndani ya vichaka. Kwa watu wawili wanaotaka kusoma vitabu chini ya banda, hiki ndicho tungechagua.

Mbudya huendewa kutoka Kunduchi, dakika 15 hadi 20 kwa boti ya mashine. Mchanga wake mweupe ni mwingi zaidi, mabanda ni mengi, samaki na chipsi vinapatikana, na kwa hiyo watu ni wengi. Katikati ya wiki kinatulia sana. Kelele za Jumapili hutoka kwenye spika za vikundi. Ukikuta hivyo, tembea ufukweni dakika kumi ukiacha nyuma mahali boti zinaposhushia watu.

Sinda huendewa kutoka fukwe za Mjimwema na Gezaulole. Huduma ni chache, kwa hiyo beba kila kitu, hata kivuli. Anayetafuta ukimya wa kweli ataupata huku, ila bahari ya upande huu iko wazi zaidi na boti hucheza.

Pangavini ni mwamba uliochongoka pande zote. Hakuna pa kushukia penye raha. Fungu Yasini, kama jina lake linavyosema, ni fungu la mchanga. Ukienda huko, boti ikusubiri palepale, isiondoke.

Kiingilio kinalipwaje?

Kiingilio cha kisiwa ni tofauti na nauli ya boti. Waulize mapema kama bei uliyotajiwa ina vyote viwili. Malipo ya serikali hufanyika kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, na unapaswa kupata risiti. Beba kitambulisho cha NIDA au kingine, maana Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na bila kitambulisho unaweza kubishana bure kwa nusu saa jua likipanda.

Nikague nini kabla ya kupanda boti?

Kwanza majaketi ya kuelea: hesabu, yawe sawa na watu, na ya watoto yawe ya watoto. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani anapoanguka majini. Yavaeni kabla ya kuondoka, yasikaliwe kama mito.

Kisha mwulize nahodha kama ana mashine ya pili au kasia, na kama mafuta yanatosha kwenda na kurudi. Angalia sakafu ya boti: maji kidogo ni kawaida, lakini kama mtu anachota kwa kopo kabla hata hamjaondoka, tafuta boti nyingine. Hesabu abiria mwenyewe. Boti iliyowapeleka watu 12 asubuhi mara nyingi huombwa kuwarudisha 20 jioni, kwa sababu kila mtu anataka kuondoka saa kumi na moja, na hapo ndipo hatari ilipo. Patana saa ya kurudi iwe saa kumi kamili au kabla, chukua namba ya simu ya nahodha, na baki na nusu ya nauli hadi mrudishwe.

Siku za bamvua uliza pia boti itakaa wapi maji yakikupwa. Kunduchi boti hulazimika kusimama mbali, na mtatembea kwenye maji ya magoti mkiwa na mizigo kichwani. Kwa mzee au mjamzito hilo ni jambo kubwa.

Msimu gani bahari ni tulivu?

Oktoba na Novemba, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi haijashika, ndiyo miezi tunayoipendekeza. Upepo ni mdogo na maji ni maangavu, ingawa mvua za vuli zinaweza kukukatiza. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari huendeka lakini joto ni kali, hasa Februari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ni nyingi na maji huchafuka karibu na midomo ya mito.

Kusi hushika Juni hadi Agosti. Hewa ni nzuri, jua halichomi sana, na watu wengi huona ndio wakati wa kutoka. Ila upepo hupanda kuanzia saa nne asubuhi, na safari ya kurudi mchana huwa na mawimbi. Habari njema ni kwamba upande wa magharibi wa Mbudya, unaotazama bara, umekingwa na kisiwa chenyewe. Kwa hiyo kipindi cha kusi ondokeni saa mbili asubuhi, rudini saa saba. Nahodha akisema leo hatuendi, msimbembeleze wala msimwongezee hela.

Vitu gani haviruhusiwi kisiwani?

Kuvua, kuchukua matumbawe, konokono au simbi hata zilizokufa, na kukata kuni. Mbudya na Bongoyo kuna kaa wakubwa wa nchi kavu wanaopanda minazi. Hutoka zaidi usiku, wanakua polepole mno, na wameshapungua sehemu nyingi za pwani kwa kuliwa. Ukimwona, mwache. Miamba ya hapa iliumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, na matumbawe huchukua miaka mingi kurudi. Ukiogelea na miwani ya maji, usisimame juu yake kupumzika. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo fungasheni kwenye kapu na mrudi na taka zote bara.

Kigamboni: pantoni au daraja?

Ukienda kwa miguu, pantoni. Mwendokasi inakushusha Kivukoni, hatua chache kutoka kivukoni chenyewe. Nauli ya mtu mzima ni shilingi 200 na malipo hufanyika kwa kadi ya N-Card, kwa hiyo iwe na salio kabla hujafika getini. Kuvuka ni dakika chache. Ng'ambo kuna daladala na bajaji za Mjimwema, Gezaulole na Kimbiji.

Ukiwa na gari, pita Daraja la Nyerere kutokea Kurasini, lililofunguliwa 2016 lenye urefu wa mita 680. Magari hulipia, watembea kwa miguu hawalipi. Foleni ya magari kwenye pantoni Jumapili jioni inaweza kukula muda wote uliopumzika. Hata kwa daraja, toka ufukweni kabla ya saa kumi.

Fukwe zipi za Kigamboni hazina kelele?

Kadiri unavyokwenda kusini ndivyo unavyopunguza watu. Za karibu na kivuko, na za Mjimwema umbali wa kilometa 8 hivi, zina hoteli na muziki wikiendi. Gezaulole kuna utulivu zaidi, na jirani yake ni Mbwamaji, mji wa kale wa Waswahili ambao makaburi yake yangalipo. Kimbiji ni mbali, na bahari yake ni ya kutazama kuliko ya kuogelea, maana mawimbi ya bahari kuu hufika pale bila kizuizi.

Hoteli nyingi huruhusu mgeni wa mchana kwa kiingilio au kwa sharti la kununua chakula. Tunashauri kulipa hiyo: unapata choo, maji ya kuoga ya baridi, na mtu wa kuangalia vitu vyenu mkiwa majini. Agizeni chakula mara mnapofika. Samaki aliyeagizwa saa saba huja saa tisa.

Kuna cha kufanya katikati ya jiji bila kupanda gari lingine?

Kipo, na ni matembezi ambayo wakazi wengi hawajawahi kuyafanya. Jumapili, shuka mwendokasi Kivukoni saa moja asubuhi. Soko la samaki la Feri liko karibu. Mnada huanza alfajiri. Kutoka hapo fuata Barabara ya Kivukoni, bandari ikiwa kushoto kwako. Utapita Kanisa la Azania Front lenye paa la vigae vyekundu, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, vyote vya enzi za Wajerumani. Mbele kidogo ni Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe la miaka ya 1860, wakati Sultan Majid wa Zanzibar alipoanza kuujenga mji huu. Simama uangalie unene wa kuta zake. Ndizo zilizokuwa zikipoza vyumba kabla ya feni.

Panda hadi Barabara ya Samora. Sanamu ya Askari iliyopo tangu 1927 ina maandishi ya Kiswahili, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu, na inafaa kusomwa polepole. Endelea na Samora hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa 1893, ambayo ina vivuli vizuri kuliko mahali popote mjini. Kando yake, Mtaa wa Shaaban Robert, ni Makumbusho ya Taifa, linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai 1959. Yote haya ni kama kilometa 3. Ukitembea kwa raha utafika makumbusho saa tatu na nusu, ndio muda mzuri wa kuingia. Tembeeni wawili au zaidi, maana mtaa uliotulia hauna mashahidi.

Magofu ya Kunduchi yako wapi, na mbona hayatajwi?

Yako Kunduchi, ukiiacha Barabara ya Bagamoyo maeneo ya Mtongani kuelekea baharini. Kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 15 au 16 na makaburi ya karne ya 18, mengine yakiwa yamepachikwa bakuli za kaure za Kichina, chini ya mibuyu. Saa moja inatosha. Nenda asubuhi, mtafute mlinzi wa mambo ya kale, lipa kiingilio, na usiende peke yako. Yanaungana vizuri na Mbudya: magofu saa mbili, boti saa tatu na nusu.

Bagamoyo kwa siku moja inatosha?

Inatosha kama utaondoka mapema na hutataka kuona kila kitu. Ni kilometa 70 hivi. Mabasi hutoka stendi ya Makumbusho. Saa kumi na mbili asubuhi safari ni saa moja na nusu, lakini ukichelewa hadi saa mbili, foleni ya Mwenge, Tegeta na Bunju inaweza kuifanya saa tatu.

Anza Kaole, magofu ya mji wa kale, jua halijawa kali. Iko kilometa 5 kusini mwa mji. Chukua bajaji kutoka stendi na mpatane ikusubiri. Msikiti wa kwanza hapo ni wa karne ya 13. Angalia mahali bahari ilipo leo: katikati kuna mikoko. Bandari ya Kaole ilijaa mchanga, mikoko ikaota, majahazi yakashindwa kufika, na biashara ikahamia Bagamoyo. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mji mzima uliachwa ukabaki kuta na makaburi. Kisima bado kina maji, na wapo wanaokuja kwa dua. Punguzeni sauti mkiwakuta.

Rudi mjini saa nne na nusu. Nenda Misheni ya Katoliki, iliyoanzishwa 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 baada ya Susi, Chuma na wenzao kuubeba kutoka bara. Kwenye mbuyu mkubwa wa misheni kuna kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina. Wageni wengi huelezwa kuwa ni mnyororo wa watumwa; kwa kweli ulifungwa na bibi mmoja Mzungu wa misheni aliyekuwa akimfungia punda wake hapo. Habari za utumwa za Bagamoyo ni nzito na za kweli. Zisomwe ndani ya makumbusho ya misheni na kwenye Caravan Serai, kituo cha misafara, ambako zina ushahidi.

Mchana kula samaki wa kukaanga karibu na soko la ufukweni. Wakati wa Ramadhani hoteli nyingi ndogo hufungwa mchana na kula barabarani huonekana utovu wa adabu, kwa hiyo bebeni chakula na mle ndani ya eneo mlilolipia. Tembeeni Mtaa wa India saa tisa, vivuli vya nyumba vikiwa vimerefuka, mkaone milango ya nakshi. Basi la kurudi, saa kumi.

Naweza kutembea kwa miguu ufukweni kutoka Bagamoyo hadi Kaole?

Njia ipo maji yakiwa yamekupwa, na inavutia. Hatuishauri. Watu wameporwa huko kwa miaka mingi, na hakuna nyumba za karibu. Kama ni lazima, ongozana na mwongozaji wa hapo mjini na uache simu ya thamani.

Nimechoka na bahari. Kuna msitu karibu?

Pugu na Kazimzumbwi, kwenye vilima vya kusini magharibi, upande wa Kisarawe. Ni mabaki ya msitu wa pwani wa kale sana, wenye mimea na ndege ambao hawapatikani sehemu nyingi duniani. Unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa daladala, fika Gongolamboto, kisha panda ya Kisarawe. Fika saa moja asubuhi. Baada ya saa nne ndege hunyamaza. Lipa kiingilio na uchukue mwongozaji, kwa sababu vijia vya wakata kuni huchanganya hata wenyeji.

Mapango ya zamani ya machimbo ya kaolini yana popo wengi. Usiingie ndani bila mwongozaji: dari zinamomonyoka na hewa ni nzito kwa mwenye pumu. Huo udongo mweupe wa Pugu ukilowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo msimu wa masika ahirisha. Vaa suruali ndefu na soksi, na ukirudi kagua kupe kwenye mikunjo ya magoti na kiunoni. Njiani utapita Shule ya Sekondari Pugu, aliyofundisha Julius Nyerere kabla ya kuacha ualimu 1955.

Tunaweza kwenda Morogoro na kurudi kwa treni siku moja?

Ndiyo. SGR ilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na mwendo ni chini ya saa mbili. Kata tiketi za kwenda na kurudi kwa pamoja, siku kadhaa kabla. Kosa la kawaida ni kukata ya kwenda tu, kisha kukuta treni ya jioni imejaa. Beba kitambulisho na ufike stesheni saa moja kabla.

Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji, kwa hiyo weka nusu saa ya usafiri kwenda chini ya Milima ya Uluguru. Kupanda hadi Morningside, kwenye milima hiyo, ni karibu saa mbili kwa mwendo wa wastani, na kushuka saa moja na nusu. Chukua mwongozaji. Saa saba ikikukuta hujafika juu, geuka, kwa sababu mawingu hushuka mchana na treni haingoji.

Tubebe maji na chakula kiasi gani?

Kwa kisiwani, lita 2 za maji kwa kila mtu mzima, lita 1 kwa mtoto. Kwa Pugu na Uluguru, lita 3. Gandisha nusu ya chupa usiku na uzipange kwenye deli chini ya chakula; zitapoza chakula asubuhi na mtakunywa maji baridi mchana. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu na mihogo huvumilia joto. Wali wa nazi na kachumbari yenye maziwa mgando huchacha kabla ya saa saba. Mbebe pia khanga mbili za ziada, moja ya kivuli na moja ya kujifuta, na pesa taslimu, kwa kuwa mtandao wa simu kisiwani hukatika mnapotaka kulipa.

Picha je?

Piga, ila si Ikulu, kambi za jeshi, askari, wala shughuli za bandari na vivuko. Kigamboni kuna eneo la jeshi la majini karibu na kivuko. Kwa wavuvi na wauza samaki, omba kwanza. Droni inahitaji kibali. Usiibebe kwa kujaribu bahati.

Mvua ikinyesha siku yenyewe?

Kama ni mvua kubwa ya usiku kucha, usipange chochote kinachopita Jangwani, kwani Barabara ya Morogoro hufungwa pale maji ya Mto Msimbazi yanapofurika, na mwendokasi husimama. Boti ahirisha, Pugu ahirisha. Makumbusho ya Taifa hubaki. Kijiji cha Makumbusho, kwenye Barabara ya Bagamoyo tangu 1967, nacho kinafaa mvua ikipungua: nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, unaweza kuingia ndani, na ukiwa chini ya paa la nyasi utasikia jinsi mvua isivyopiga kelele kama kwenye bati.